Nani Amzike Lusajo

Sogeeni basi, na aliyekuja kwa ajili ya kucheka akae karibu na mlango, asitusumbue akitoka. Mmezoea hadithi ya ndugu watatu waliomwokoa binti wa mfalme, kisha tunagombana nani aozwe. Hii nayo ina watu watatu, na kila mmoja alitenda sehemu yake sawasawa na mwenzake. Ila mwisho wake hakuna binti wala harusi. Kuna mzigo, na mzigo wenyewe unabebwa na mtu mmoja tu.

Palikuwa na mji mmoja wa milimani, huko nyanda za juu kusini, mji wa migomba na chai, ambako mvua hunyesha mpaka watu wakaisahau rangi ya vumbi. Katika mji huo waliishi Tusekile, Gwamaka na Fundi Ambokile.

Tusekile alijaliwa mdomo. Angeweza kumuuzia muuza chumvi chumvi yake mwenyewe, na muuza chumvi akamshukuru. Kila mlango wa mji ule alishaugonga, na ni michache sana iliyobaki imefungwa.

Gwamaka alijaliwa kichwa cha kompyuta. Alikuwa kijana mkimya, ukimsalimia anafikiri kwanza ndipo aitikie. Lakini yale maandishi yanayoiambia mashine la kufanya aliyasoma kama watu wanavyosoma ujumbe wa mchumba, mara mbili mbili na kwa tabasamu.

Fundi Ambokile alijaliwa mikono na subira. Alitengeneza redio pale njia panda, katika kibanda kilichojaa vyuma mpaka mteja anaingia kwa ubavu. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, na wote wawili walimwita Fundi, wala hakuna aliyelikumbuka jina la baba yake.

Watatu hao walianzisha tovuti wakaiita Jirani. Ukiifungua kwenye simu unakuta bei ya viazi na ndizi, umeme umekatika mtaa gani, nani ameoa, nani amefariki. Na mvua ikizidi unakuta tahadhari: mteremko fulani umeanza kupasuka, walio chini wahame. Hilo la mwisho ndilo lililowafanya wazee wanunue simu, maana milima ya huko ina tabia ya kushuka bila hodi.

Sasa tovuti, kama hamjui, ina viwanja vyake. Pale juu, pale pembeni, pale chini ya habari, ndipo matangazo yanaposimama, na matangazo ndiyo yanayoilisha. Mwanzoni Jirani iliwakabidhi viwanja hivyo madalali wa mbali. Unawapa ukurasa wako, wao wanaamua nani asimame, wewe huulizwi wala huambiwi. Siku moja akafariki kijana wa watu, aliyemaliza ada ya chuo kwenye kubeti akashindwa kurudi nyumbani, mwisho akajitoa uhai. Jirani ikaweka tanzia na picha yake. Na pembeni ya picha, dalali wa mbali akaweka tangazo la kubeti, jamaa anacheza huku anarusha noti.

Mama wa yule kijana aliliona. Kwa hiyo watatu wale waliona aibu ambayo hawajapata kuiona, na siku ileile wakawafukuza madalali wote. Hapo ndipo kila mmoja alipoleta chake.

Tusekile alileta ahadi. Alikwenda msibani, akaketi mkekani na akina mama, na mdomo wake ukatangulia kabla ya akili, kama kawaida yake. "Mama zangu," alisema, "kuanzia leo mtu wa mji huu akifa, Jirani itafunga biashara. Hakuna tangazo litakalosimama mpaka azikwe." Hakuna aliyemtuma. Lakini neno lile liliwaingia watu, kwa sababu ndivyo walivyoishi wenyewe. Kukiwa na msiba, mwenye duka huuza kwa mlango nusu, na redio huzimwa, mpaka marehemu apumzishwe.

Kisha akaanza kuzunguka madukani kutafuta wenye matangazo. Mzee Mwalyambi, muuza mabati, alimkatalia kwa methali. "Chema chajiuza, binti, kibaya chajitembeza."

"Sawa, mzee," alijibu Tusekile. "Na hicho chema chako kimejiuza kwa nani, tangu barabara ihamie kule juu?"

Mzee akaingia ndani, akavaa koti lake la harusi, akapigwa picha amesimama mbele ya mabati. Baada yake wakafuata fundi cherehani, mwenye mashine ya kukoboa, na mama muuza mbolea.

Gwamaka alileta mtambo. Ahadi ya mdomo mashine haiisikii, mpaka iandikwe ndani yake. Akatafuta, akapata programu huria ya kupangia matangazo. Waliiandika watu waliotapakaa duniani, wasiojuana sura, wakaitoa bure, atakaye aichukue, aifungue tumbo, aibadilishe anavyotaka. Kwa programu hiyo Jirani ikawa dalali wake yenyewe. Bango la Mzee Mwalyambi lilipata zamu sawa na la fundi cherehani, na hapakuwa na mtu wa mbali anayemchungulia msomaji.

Kisha Gwamaka akalifungua tumbo la programu, akaingiza msiba ndani. Tanzia ikiwekwa, mabango yote yananyamaza na viwanja vinabaki vyeupe. Yanarudi pale tu mmoja wa wale watatu anapobonyeza neno moja: Amezikwa. Wakapatana kwamba atakayebonyeza ni yule aliyekwenda makaburini, akatupa udongo kwa mkono wake. Programu ilikuwa na nafasi ya kuweka ukomo, kwamba siku kadhaa zikipita mabango yarudi yenyewe. Gwamaka aliifuta nafasi ile. Aliona ni utovu wa adabu kumpangia marehemu saa.

"Na kama hatukubonyeza, mdogo wangu?" Tusekile alimuuliza.

"Tutaachaje kubonyeza, dada? Mtu akifa anazikwa."

Wala Tusekile hakuona kosa katika jibu lile. Nani angeliona? Mji mzima ungejibu vilevile.

Fundi Ambokile alileta ulinzi. Mtambo unahitaji pa kukaa, naye aliupa rafu katikati ya redio kuukuu, akaulisha kwa betri za lori na paneli ya sola aliyoiunga mwenyewe. Umeme ulikatika, Jirani haikukatika. Watu wa kubeti walimfuata pale kibandani na tabasamu pana, wakiomba kona moja tu ya ukurasa. Fundi aliinamia redio yake. Aliendelea kulehemu mpaka wakachoka kusimama. Na kwa kuwa kila habari ya msiba ilipita pale njia panda kabla ya kufika kwingine, kazi ya kuweka tanzia ikawa yake.

Basi Jirani ikapendwa. Tanzia ikitoka, watu waliona viwanja vimenyamaza, wakasema hawa ni watoto wetu kweli. Azikwe mtu, udongo utupwe, mabango yarudi, na wenye maduka hawakulalamika, maana kila mmoja alijua zamu yake ya kunyamaziwa itafika. Ukiniuliza ni nani kati ya watatu aliyeileta heshima ile, sitakujibu. Ahadi bila mtambo ni maneno, mtambo bila ahadi ni chuma, na vyote viwili bila Fundi vingezimika umeme ulipokatika mara ya kwanza.

Ikaja masika mbaya. Mlima ulio juu ya mashamba ya chai ulianza kupasuka, Jirani ikatoa tahadhari, na wengi wakahama. Kulikuwa na kijana aitwaye Lusajo, mpakiaji wa majani ya chai, mtoto pekee wa mama yake. Aliisoma tahadhari ile, akaona haitoshi kuisoma. Akaenda kugonga milango ya wasio na simu. Waliogongewa walitoka. Mlima ukashuka asubuhi, na yeye akiwa bado kwenye milango.

Waliochelewa walifukuliwa, wakazikwa, na kila mara mmoja wa watatu alirudi na udongo viganjani akabonyeza. Lusajo hakupatikana. Walichimba mpaka mlima ukaanza kuguna tena, wakubwa wa serikali wakakataza uchimbaji, mvua ikaendelea kumwagika juu ya tope. Wazee wakasali pale pale ukingoni mwa tope. Kisha mama yake, ambaye wote walimwita Mama Lusajo, akaenda kibandani kwa Fundi, kitenge cha msiba amejifunga kiunoni.

"Mwandike mwanangu," alisema. "Asikae kama mtu aliyepotea njiani."

Fundi alimwandika. Nani angemkatalia? Alipomaliza, mabango yote ya Jirani yalinyamaza, yakimngoja Lusajo azikwe.

Wiki ikapita, na nyingine. Lusajo hakuzikwa, kwa kuwa hakuna wa kuzika bila mwili, na kaburi tupu mji ule hauchimbi. Wanasema ukichimba kaburi tupu unaliita lijazwe. Viwanja vya Jirani vilibaki vyeupe, na kila asubuhi Tusekile alivifungua kwenye simu yake kwa moyo wa kusitasita, kama anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Ndipo Mzee Mwalyambi akaja kibandani na wenzake. Hakuja kwa shari, na hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi, maana mtu wa shari unaweza kumfukuza.

"Lusajo ni mtoto wa ndugu yangu," alisema mzee. "Nimelala matangani, mmeniona. Lakini huu ndio msimu wa mabati, Tusekile. Nyumba zimevunjika, watu wanatafuta bati, na hawajui kama ninalo."

"Tunajua, mzee."

"Tumewavumilia. Kesho ni mnada, siku ya soko. Mabango yasiporudi kabla ya mnada, sisi tunakwenda kwa wale madalali wa mbali. Mwenye njaa hana miiko."

Fundi alishusha chombo chake cha kulehemu. "Mkiondoka ninyi," alisema, "laini ya intaneti inakatwa kwa kukosa malipo. Na mteremko wa juu ya shule umeanza kupasuka. Tahadhari mtaisomea wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja kuwaambia, sikuondoka kimyakimya," alijibu mzee, akatoka kwa ubavu.

Watatu walibaki peke yao. Tusekile alisema kwanza, kwa kuwa kunyamaza hakukuwa kipaji chake.

"Gwamaka, wewe ndiye uliyefuta ule ukomo. Urudishe. Andika siku unazotaka, mabango yarudi yenyewe, asibonyeze mtu."

"Nikiandika, nimebonyeza," alisema Gwamaka baada ya kufikiri. "Nitakuwa nimemwambia Mama Lusajo kwamba siku za kumlilia mwanawe zimeisha kwa hesabu yangu. Na kila atakayekufa baada ya hapo nitakuwa nimempangia. Tanzia ni ya Fundi. Fundi na aiondoe, msiba utakuwa haupo."

"Nikiiondoa nimesema hajafa," alisema Fundi. "Yule mama atavua kitenge, ataanza kupika chakula cha watu wawili. Nitamfanya angoje mlangoni mpaka naye afe. Mimi siwezi kumtesa mzazi hivyo. Ahadi ilikuwa ya Tusekile. Ahadi ni deni. Aliyeahidi ndiye aende akaombe kusamehewa."

Tusekile akasimama. Akajitanda khanga, akaenda.

Alimkuta Mama Lusajo kibarazani, simu mkononi. Ilikuwa simu ya Lusajo, kioo kimepasuka, ameiacha nyumbani siku ile ili isilowe. Jirani ilikuwa imefunguka kwenye kioo. Tusekile alipiga magoti akamsalimu, na njia nzima alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini aliyaona yakimtoka moja moja kama maji kwenye kikapu.

"Nakuja kila asubuhi humu," alisema Mama Lusajo, akimwonyesha simu. "Nafungua. Nikikuta pale peupe, najua bado tuko msibani wote. Majirani wamerudi makwao, mwanangu, na siwalaumu, wana watoto. Siku hizi hapa tu ndipo nakuta watu wamekaa."

"Mama," alisema Tusekile, "wenye maduka wamechoka."

"Najua. Shemeji Mwalyambi aliniambia. Yeye si mtu mbaya."

"Na sisi tumeshindwa, Mama. Tukiacha hivi, Jirani inakufa, na ule mlima wa shule..." Alitaka mama yule amwambie bonyezeni, nimewaruhusu, maneno mawili tu. Aliyangoja kwa uchoyo, na kwa uchoyo ule alijichukia baadaye.

Mama Lusajo alifuta kioo kwa pindo la kitenge.

"Siwezi kuwakataza," alisema hatimaye. "Lusajo alikufa kwa ajili ya milango ya watu. Nikisema mlango mwingine ufungwe kwa ajili yake, nitakuwa namtukana. Lakini na kuwaruhusu siwezi. Mimi ni mama yake, sijamzika, siwezi kusema amezikwa. Fanyeni mnavyoona."

"Ndaga, Mama," alisema Tusekile, akimshukuru kwa lugha ya kwao.

"Ila nikuambie jambo moja. Siku nitakayofungua hii simu nikakuta mabati, nitajua kuna mtu kati yenu amemzika mwanangu. Sitagomba. Nitavaa viatu, nije pale njia panda, nimuulize mtu huyo kaburi liko wapi, nikakae hapo."

Tusekile alirudi kibandani mvua inamchapa, na hata hakujifunika. Aliwaambia wenzake maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuongeza lake, na pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Gwamaka alifunika uso kwa viganja. Fundi alikaa juu ya betri ya lori akatazama mikono yake. Hakuna tena aliyemnyooshea mwenzake kidole, na hilo halikuwasaidia lolote. Hapo kabla kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsukumia. Sasa walijua kwamba mama atakuja kwa mmoja, na mmoja huyo atasimama mbele yake bila kaburi.

Tusekile alilia bila kujificha. Alijua kwamba mabango yakirudi, mama yule atapoteza mahali pa mwisho ambapo watu walikuwa bado wamekaa naye. Alijua pia kwamba yasiporudi, mlima wa shule utashuka siku moja na hakutakuwa na wa kugonga milango. Katika pande hizo mbili alitafuta upande mwema, akatafuta tena, akakosa.

Naam. Wapo watakaosema abonyeze Tusekile, kwa sababu kinywa chake ndicho kilichoahidi bila kutumwa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wapo watakaosema ni Gwamaka, kwa sababu aliuandika msiba akaufuta mlango wa kutokea. Na wapo watakaosema ni Fundi Ambokile, kwa sababu alimwandika mtu marehemu kabla hajapatikana, tena ndiye mkubwa wao. Nimewasikia wote hao mahali pengi, na kila mara wanaosema kwa sauti kubwa ni wale ambao hawajapoteza mtu. Mmoja aliwahi kuniambia watatu wabonyeze pamoja. Nikamwambia kitufe ni kimoja, na mama ni mmoja, na akifika pale njia panda atashika mkono wa mtu mmoja.

Mnada ni kesho asubuhi. Mvua haijakatika, na juu ya shule ufa umeongezeka. Haya, mmesikia yote, sikuficha kitu: kati ya watatu hao, wewe ungesema abonyeze nani, na Mama Lusajo akija amevaa viatu vyake, akamuuliza kaburi la mwanawe liko wapi, ungetaka amjibu nini?